Bakuli la Buni la Mama Naisula

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Baridi kali tangu alfajiri, manyunyu ya kukatika na kurudi, na Mlima Meru haukuonekana kabisa; wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Mtaa wa Lemara wote, pale Arusha, ulikuwa umevaa sweta.

Susana Sumari, ambaye mtaani hakuna anayemwita hivyo bali Mama Naisula, alikuwa ameketi sebuleni na kitenge mabegani, kompyuta imefunguliwa mbele yake. Kulia kwa kompyuta kulikuwa na bakuli la bati lenye buni, na kushoto kisahani cha chai kisicho na kikombe. Mumewe, Loishiye, alikuwa nje kwenye karakana yake anachomelea geti la mtu, na kila alipogusisha chuma, mwanga wa buluu uliruka dirishani.

Majirani wanajua kwamba Mama Naisula anafanya kazi ya kompyuta, basi. Simu ikigoma wanamletea. Redio ikikoroma wanamletea. Mara moja aliletewa pasi. Hajawahi kumrudisha mtu mlangoni kwa kumwambia kwamba kazi yake si hiyo. Huvaa miwani, akafungua, akapuliza vumbi, na mara nyingi kitu hupona kwa hilo vumbi tu.

Kazi yake hasa ni kusoma. Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, ambayo wenyewe wanaiita kiini. Programu ya kawaida ikianguka, inaanguka peke yake na mtu anaifungua tena. Kiini kikianguka, mashine nzima inakufa hapo hapo, na kilichokuwa kinaandikwa kinapotea. Kwa hiyo hakuna msimbo, yaani maandishi ya programu, unaoingia kwenye kiini kabla haujasomwa na macho ya watu. Anayetaka kuongeza kitu hukiandika kama kiraka, anakituma kwenye kundi la barua pepe ambalo dunia nzima inaweza kulisoma, na watu kama Susana wanakipitia mstari kwa mstari. Akiridhika, anaandika chini yake maneno machache na jina lake: Imekaguliwa na Susana Sumari. Jina hilo linabaki pale miaka yote.

Upande wake yeye ni ule wa mafaili yanayokaa kwenye kompyuta nyingine na kufunguliwa kupitia mtandao. Kompyuta yako inaiuliza seva, "Faili hili liko wapi?" Seva inaipa ramani: kipande hiki kiko ghala lile, kipande kile kiko ghala jingine, nenda ukaandike mwenyewe. Sasa maghala ni ya aina nyingi, na kiini hakiwezi kuyajua yote. Kimeacha nafasi tu. Mwenye aina yake ya ghala anaandika draiva, kipande cha msimbo kinachochomekwa kwenye ile nafasi kikihitajika na kuchomolewa kikimaliza kazi. Susana alikuwa anakagua draiva hizo za kuchomeka kwa mwaka wa tisa.

Na buni? Buni ilitoka kwa mama yake, juu ya Poli, kwenye shamba la kahawa na migomba alikozaliwa. Utotoni kila msimu waliketi na ungo katikati, mama na binti, wakichambua punje nzima na zilizotobolewa na wadudu. Mama yake alikuwa anaongea bila kupumua, mambo ya kanisani, mambo ya mifereji, nani kamwoa nani, na vidole vyake havikukosea hata punje. Susana alipoanza kazi ya kusoma msimbo aligundua kwamba macho yake yana tabia ya kuruka mstari unaofanana na mwingine. Vidole havikuwa na tabia hiyo. Akaomba buni kidogo kutoka nyumbani.

Akawa anafanya hivi. Kila mahali msimbo unaposema nimeshika hii draiva, naitumia, anatoa punje moja bakulini na kuiweka kwenye kisahani. Mahali unaposema nimeachia, punje inarudi. Kazi ikiisha, kisahani lazima kiwe kitupu. Punje ikibaki, kuna anayeshikilia kitu bure. Na kisahani kikiwa kitupu wakati bado kuna mtu kazini, hilo ni baya zaidi, kwa sababu kiini nacho kinahesabu namna hiyo hiyo: kikiona hakuna aliyeshika, kinaruhusu draiva ichomolewe.

Asubuhi hiyo alikuwa hatafuti kosa. Kiraka alichokuwa anakisoma alishakisoma Alhamisi, na jina lake lilishakaa chini yake. Kilikuwa cha shemeji yake, Lemomo, mdogo wa Loishiye, anayekaa Terrat na anayetunza kompyuta za watafiti wa wanyama kule Momela. Watafiti hao wana kamera zilizofungwa kwenye miti, zinapiga picha kila mnyama anapopita, na picha zimejaa mpaka hazina pa kukaa. Lemomo aliwatengenezea maghala kutokana na mashine za bei ya chini, moja moja, zilizounganishwa. Kisha akaandika draiva ya kuyafikia. Miaka miwili ameiandika. Mara mbili ameituma, na mara mbili imerudishwa na maswali. Hii ilikuwa ya tatu, na msimamizi wa ule upande, mtu wa ng'ambo ambaye Susana anamjua kwa barua tu, alikuwa ameandika kwamba Jumatatu anafunga mzigo wa viraka vya awamu hii, na cha Lemomo kitakuwamo.

Alhamisi Susana alisoma kwa macho. Alisoma kwa macho kwa sababu bakuli lilikuwa tupu, na bakuli lilikuwa tupu kwa sababu Jumatano alikuja mteja wa geti kubwa, kahawa ikawa imeisha ndani, na Loishiye, ambaye si mtu wa kumwacha mgeni na kikombe cha maji ya moto, alichukua buni ya kuhesabia akaikaanga.

"Kahawa nzuri kweli," alimwambia mkewe jioni. "Ya wapi?"

"Ya kazini kwangu," alisema Susana, na akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuwaza zaidi ya hapo. Kesho yake akasoma kiraka cha shemeji, akaona kimenyooka kuliko viwili vilivyotangulia, akaweka jina.

Ijumaa mama yake akamtumia buni nyingine pamoja na mkungu wa ndizi. Basi Jumamosi akaketi nayo kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na bado anarudi kuutikisa.

Njia ya kwanza, punje zilikwenda na kurudi vizuri. Njia ya pili vivyo hivyo. Njia ya tatu ilikuwa ile inayotokea mara chache: kompyuta iko katikati ya kuandika, na seva inabadilisha mawazo, inasema rudisha ramani yangu sasa hivi. Draiva ya Lemomo ilitii. Ikarudisha ramani, ikasema nimeachia. Susana akarudisha punje bakulini. Akatazama kisahani: kitupu. Akatazama msimbo: kipande cha mwisho cha picha kilikuwa bado kiko njiani kwenda ghalani, na jibu lake lilikuwa halijarudi.

Akarudia tangu mwanzo, polepole. Kisahani kikawa kitupu mahali pale pale.

Maana yake ilikuwa rahisi. Kama mtu angeichomoa draiva katika nafasi hiyo ndogo, kiini kingeruhusu, jibu lingerudi likute draiva haipo, na mashine yote ingekufa.

Aliondoa mikono mezani akaiweka mapajani. Nje mwanga wa buluu uliruka na kuzima.

Kilichomkalia kifuani hakikuwa lile kosa lenyewe, kwa maana makosa ya aina hiyo yanarekebishika. Kilikuwa kwamba jina lake liko chini yake, Jumatatu iko karibu, na kesho, Jumapili, baba mkwe wake, Mzee Simel, anachinja mbuzi kule juu ya Ngaramtoni kwa ajili ya draiva ya Lemomo. Mzee haijui draiva ni nini. Anajua kwamba mwanawe ametuma kitu mara mbili kikakataliwa, na safari hii kimekubaliwa, na aliyethibitisha kwamba ni kizuri ni mke wa mwanawe mkubwa. Hilo lilimtosha kuita ukoo.

Utaratibu wa kule kwenye kundi unajulikana: jambo lolote linalohusu kiraka linasemwa mbele ya wote. Lisilosemwa pale halijasemwa. Na utaratibu wa nyumbani unajulikana pia: mtu wako humrekebishi mbele ya wageni, unamvuta pembeni ukamwambia. Susana alifungua barua mpya, akaandika mstari mmoja, akaufuta. Akampigia Lemomo. Simu haikupatikana, alikuwa Momela, na Momela mtandao unakuja na kwenda. Akajiambia, kesho nitamwona uso kwa uso. Ni vizuri zaidi.

Jumapili jua lilichungulia kidogo. Baada ya ibada walipanda gari dogo la Loishiye wakafika wakati moshi wa nyama umeshatanda. Susana akamwamkia mzee, "Shikamoo, baba," na mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili asimwachie.

"Marahaba, mwanangu. Umetupa heshima. Huyu kijana wangu, kama si wewe, wale wangemrudisha tena."

"Ni kazi yake mwenyewe, baba."

"Hapana, hapana. Nimewaambia wote hapa. Mke wa Loishiye ameisoma."

Lemomo alitokea nyuma ya banda akiwa na ubavu wa mbuzi mkononi. Tangu Susana aolewe, wawili hawa hawajawahi kusalimiana kama watu wengine. Shikamoo haijawahi kupita kati yao, ingawa Susana amemzidi miaka zaidi ya kumi. Salamu yao ni uchokozi.

"Mmeru amefika!" alisema Lemomo. "Ficheni ndizi!"

"Mimi nimezikuta zimeshaisha. Nyie watu wa ng'ombe mnakula ndizi na maganda yake."

"Maganda ndiyo yana vitamini, shemeji. Hamkufundishwa huko Poli?"

Kinamama waliokuwa wanakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando wakaanza kucheka kabla wawili hao hawajamaliza. Susana akamsogelea. "Lemomo, njoo hapa pembeni kidogo, nina neno."

"Sema hapa hapa, hapa kuna siri gani? Wote ni wa nyumbani."

"Draiva yako inaachia mkono mapema. Seva ikidai ramani wakati kuandika hakujaisha, inaondoka kabla jibu halijarudi."

Lemomo akageukia watu akiwa amenyanyua ubavu juu. "Mmesikia? Kila siku ni makande yangu yana chumvi, gari langu linanuka mbwa, sasa ni draiva yangu inatoroka kazini! Shemeji, na wewe Pasaka uliunguza wali, nani alikuandikia barua?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata Mzee Simel alicheka, akikohoa.

"Nasema kweli, Lemomo."

"Na mimi nasema kweli. Wali uliungua. Muulizeni kaka, alikula ukoko peke yake."

Akamkatia Susana kipande cha nyama, kizuri kuliko vyote, akampa, akaondoka kwenda kumchokoza mwingine. Susana alibaki na nyama mkononi. Alijaribu tena baadaye, wakati wa chai, na Lemomo akamjibu kwamba atamwandikia draiva ya kuunguza wali. Kisha mzee akasimama, akaomba, akawabariki wote kwa Kimaasai kirefu, na jina la Lemomo likawa linarudi rudi ndani yake.

Gari lilishuka mpaka likaingia lami.

"Umemwambia?" Loishiye aliuliza. Mkewe alikuwa amemweleza jambo lote asubuhi, na tangu hapo mume alikuwa amekwepa kuitaja kahawa.

"Nimemwambia. Mara mbili."

"Umemwambia au umemtania?"

Susana aliangalia nje. Kahawa za watu zilipita, na kuta, na magenge ya nyanya. "Kwa Lemomo," alisema baadaye, "sijui kama nina sauti nyingine."

Walipofika bado kulikuwa na mwanga. Alimpigia tena, simu iliita mpaka ikakata. Bila shaka ilikuwa kwenye koti, na koti limetundikwa mahali, na mwenyewe anaimba. Akaketi mezani. Aliandika kama anavyowaandikia watu wote, bila chumvi na bila sukari. Akaeleza njia ya tatu hatua kwa hatua, punje ziliposhikwa na ziliporudi, isipokuwa hakutaja punje. Akaandika kwamba Alhamisi alisoma kwa haraka kuliko inavyopasa na kosa la kuweka jina ni lake. Mwisho akaandika: Naondoa jina langu kwenye kiraka hiki.

Loishiye alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Hakujua kusoma msimbo, lakini mstari wa mwisho aliuelewa.

"Mbuzi hajafika hata tumboni," alisema.

"Najua."

"Tuma."

Akatuma.

Simu ya Lemomo ilikuja wakati wanakula. Susana aliweka kijiko chini.

"Mama Naisula," ilisema sauti. "Shikamoo."

Neno hilo Susana alikuwa analisikia mara mia kwa wiki kutoka kwa watoto wa mtaa, na sasa lilimchoma. "Lemomo..."

"Nimeona barua yako. Watu wote wameiona. Asante kwa ukaguzi."

"Nilikupigia. Na kule nilikwambia."

"Sawa, mama. Usiku mwema. Msalimie kaka."

Ikakata. Susana aliendelea kukaa na simu sikioni. Loishiye alisogeza sahani yake upande, akasema, "Mimi ndiye niliyekaanga buni," kama mtu anayejitolea kubeba gunia lisilo lake, na mkewe akamgonga begani kidogo.

Jumatatu msimamizi alijibu kwa mistari miwili. Anashukuru, ameitoa draiva kwenye mzigo. Toleo safi likija ndani ya wiki hii ataliangalia, likichelewa litangoja awamu ijayo. Lemomo hakuandika kitu. Susana alifanya kazi nyingine siku nzima. Jirani alileta simu ya mtoto iliyoingia maji, Susana akaiweka kwenye mchele. Kila barua ilipoingia alivaa miwani, na kila mara haikuwa ya Lemomo. Alipika wali, na ulitoka vizuri sana, na hakuwa na wa kumwonyesha.

Jumanne alasiri manyunyu yakarudi. Susana alikuwa anaanua nguo kwenye kamba pikipiki iliposimama getini. Lemomo alishuka, buti zimejaa tope jeusi la Momela mpaka magotini, na kofia bado iko kichwani. Alichukua upande wa pili wa shuka lililokuwa linaanuliwa, wakalikunja pamoja, pembe kwa pembe, kama watu wasiojuana.

"Imeanguka," alisema Lemomo akiwa ameshika pembe yake.

"Nini?"

"Mashine. Jana nilikataa kujaribu. Leo nikasema nijaribu nikuonyeshe kwamba umekosea. Nikaifanya iandike picha mfululizo, nikailazimisha seva idai ramani, nikachomoa draiva. Mara ya kwanza haikutokea kitu, nikafurahi. Nikaendelea mpaka ikaganda yote. Puu. Skrini nyeusi, na mtafiti mwenyewe amesimama mlangoni na chai yake."

"Picha zimepotea?"

"Za majaribio. Nyati mmoja, amelala tu." Akaweka shuka kwenye beseni. Kisha akavua kofia, na uso wake ukawa ule wa siku zote, wa mtu anayejizuia kucheka au kulia, haijulikani. "Shemeji."

"Abee."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia nikiwa na ubavu wa mbuzi mkononi! Nani anasikia kitu akiwa na ubavu mkononi?"

"Nilikuita pembeni, ukakataa."

"Wewe unaniitaga pembeni kila siku kuniambia soksi zangu hazilingani! Ningejuaje kwamba safari hii ni kweli?"

Loishiye alikuwa amefika kwenye mlango wa karakana na miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. "Ingieni ndani, mnalowa," alisema. "Na nyie mnajifanya wasomi."

Ndani, Susana alimwekea chai, naye akakikumbatia kikombe kwa mikono yote miwili kupata joto. Akaliona bakuli. Alikuwa ameliona miaka yote akidhani ni la kupikia.

"Ndiyo hii? Kaka amenieleza kwenye simu. Hii buni ni ya mganga?"

"Ni ya mama. Mganga angejua kwamba Baba Naisula ataikaanga."

"Nitakufa nalo hili," alisema Loishiye.

"Nionyeshe," alisema Lemomo, na safari hii hakuwa anatania, na Susana alilijua hilo kwa jinsi alivyovuta kiti. Wakaketi upande mmoja. Susana alisoma kwa sauti na Lemomo akashika punje. Nimeshika: punje kwenye kisahani. Nimeshika: nyingine. Rudisha ramani. Nimeachia. Nimeachia. Lemomo alirudisha ya mwisho, akatazama kisahani kitupu, kisha akakitazama kipande cha picha kilichokuwa bado kiko njiani kwenye msimbo wake mwenyewe. Akachukua punje moja bakulini, akaishika hewani kati ya vidole viwili.

"Huyu bado hajarudi," alisema. "Na mimi nimeshafunga nyumba."

"Ndiyo hivyo."

"Miaka miwili naisoma hii, shemeji. Sikumwona."

Hakuwa na haja ya kufundishwa zaidi. Alivuta kompyuta yake kutoka kwenye begi akaanza kuandika palepale, na Susana akaenda jikoni akamwacha, maana kumkagua mtu huku anaandika ni kumpumulia shingoni. Alipokuwa anamenya viazi alimsikia akiongea na Mzee Simel kwenye simu, kwa Kimaasai kilichochanganyika na Kiswahili, akieleza kwamba kitu hakijaingia, kwamba kilikuwa na kasoro, kwamba shemeji ndiye aliyeiona. Kisha Lemomo akacheka.

"Anauliza, sasa tulikula mbuzi wa nini?" alipaza sauti kuelekea jikoni. "Nimemwambia tulikula mbuzi wa Jumapili."

"Anasemaje?"

"Anasema basi alikuwa mtamu, na kitu kikiingia, mbuzi unamtoa wewe."

Alituma toleo jipya kabla ya chakula. Akala sahani mbili za wali, akaukagua kwa kijiko mpaka chini kutafuta ukoko, hakuupata, akasikitika. Alipokuwa anafunga buti kwenye kibaraza alisema, bila kuinua kichwa, "Siku nyingine andika kule kwanza. Kule mimi si shemeji yako. Kule mimi ni kiraka tu."

"Na hapa?"

"Hapa nitukane upendavyo." Akawasha pikipiki. Halafu akaona haitoshi, akaizima. "Ile shikamoo ya juzi, nirudishie."

"Marahaba sikusema," alisema Susana. "Kwa hiyo haijapokelewa."

Asubuhi iliyofuata wingu lilikuwa limepanda, na mlima ukaonekana wote, wa kijani, mweusi kwenye mabonde. Susana alichemsha chai, akafunika buni iliyobaki kwenye kopo na kuliweka juu ya kabati ambako Loishiye hafiki bila stuli, akabaki na ile ya bakuli. Akasoma toleo jipya lote tangu mstari wa kwanza. Kwenye njia ya tatu draiva ilikuwa inasubiri jibu la mwisho lirudi, ndipo inaachia. Kisahani kikawa kitupu mahali pake, si kabla. Lakini juu ya msimbo huo Lemomo alikuwa amesahau maelezo ya zamani, sentensi mbili zinazomwambia msomaji kwamba hapa hakuna haja ya kusubiri. Hazikuwa na madhara kwa mashine, ila zilikuwa uongo, na anayekuja baada ya miaka mitano angezisoma akaziamini.

Alifungua barua. Akaiandikia kundi lote kwamba maelezo hayo hayalingani tena na msimbo na yaondolewe. Akaandika chini yake: Hilo likirekebishwa, imekaguliwa na Susana Sumari. Akaisoma mara moja zaidi, akaituma, akangoja mpaka akaiona imeingia kundini mbele ya wote.

Halafu akasogeza bakuli la punje pembeni, akachukua simu, akampigia Lemomo.

"Shemeji," alisema, "umeamka, au nikuandikie draiva ya kukuamsha?"